Mshona Mfuko Ndiye wa Kwanza Kula

Simu ya Mama Zaina ilinikuta Likasi, dukani kwangu, nikiwa nimeinamia rundo la mifuko mitupu. Alisema maneno machache tu. "Masengo, Tata yako Amisi alituacha. Tulimuzika jana. Ukuye kwa hitima." Kwao Waislamu maiti hawekwi siku nyingi akisubiri jamaa wa mbali, kwa hiyo sikupata kumwona uso. Nilifunga duka nikapanda basi la asubuhi kwenda Kolwezi, na njia nzima malori ya madini yalikuwa yakipishana nasi, moja baada ya jingine, yamefunikwa maturubai. Nililia bila kujificha. Mama aliyekaa kando yangu akanigawia karanga zake, akaniuliza kama aliyekufa ni tata yangu. Nikamjibu ndiyo, ni tata yangu, ingawa hakunizaa na wala hatukuwa wa dini moja. Habari za walionizaa na jinsi nilivyofika Kolwezi nitaziacha, maana zingekula kurasa zote na hazina ladha. Ninataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa katika parseli ya Tata Amisi, kiwanja chenye nyumba na mashine yake, mtaa wa Manika, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mjeuri, fundi wa kufua, na mwongo.

Chumba changu kilishikana ukuta na mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwashwa, kikombe changu kilitembea juu ya meza peke yake, na nilijifunza kukidaka bila hata kukitazama. Unga ulikuwa kila mahali: juu ya shuka, ndani ya viatu, kwenye kope. Tata Amisi mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo, amekuja zamani kutoka upande wa Kasongo akifanya biashara, akapata lori moja la kuleta mahindi na mashine moja ya kuyasaga. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Pale sisi tuliposema "mutoto yangu" yeye alisema "mwanangu", na vijana wa mtaa walimwiga wakicheka, naye akacheka nao. Mkewe, Mama Zaina, alipikia watu wote wa kazi. Tulikula uani kwenye mkeka mmoja, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na siku za bahati tomsoni, yule samaki wa baridi anayekuja ndani ya makartoni. Mtu wa mashine alikuwa Tata Kabwe, mzee tayari wakati ule, Mkristo kama mimi. Alikuwa na ufagio mdogo wa majani uliofungwa kwa mpira, na kila asubuhi kabla ya kuwasha aliifagia ile mashine ndani na nje. Hakuruhusu mwingine aushike ufagio huo. Nilimtania kwamba angeoa ufagio kama mkewe angekubali, naye akaniita "mashini ya mudomo", kwa sababu sikuwa na kituo.

Kazi yangu ilikuwa mifuko. Siku hizo mfuko mpya ulikuwa kitu cha anasa, na wenye mashine za kusaga walinunua mifuko iliyokwisha kutumika, ikafuliwa na kushonwa viraka. Tulikuwa wanawake wengi tuliofanya kazi hiyo, kila mmoja na jiwe lake kando ya mto. Ile iliyokuwa ya unga, mchele au sukari ndiyo tuliyopaswa kuifua kwa ajili ya chakula, nayo haikuwa na taabu, ukiikung'uta na kuipitisha majini imekwisha. Mifuko ya madini ilikuwa habari nyingine. Bakrezeri, ndivyo tunavyowaita wachimbaji wa mkono, walikuwa wamejaa mjini wakitoka kila pembe ya nchi, na kwenye milango ya depo walikouzia madini yao mifuko ilikuwa imelala kama takataka, weusi wake umeingia hadi kwenye mshono. Hiyo hakuna aliyeitaka isipokuwa bakrezeri wenyewe. Mwaka ule mahindi yalikuja kwa wingi. Lori likawa halipumziki, na Tata Amisi kila siku akiniuliza, "Mwanangu, mifuko?" Mifuko ya chakula ikaniishia. Siku moja nikasimama mlangoni pa depo, nikaangalia ile mitupu, nikajiambia: wewe si fundi?

Niliifua kama sijawahi kufua kitu maishani. Nilianza kwa mchanga, nikaja sabuni, nikamalizia kwa javel, dawa ile ya kung'arisha nguo, mpaka vidole vikachunika. Maji ya kwanza yalikuwa meusi ti, ya tatu kijivu, ya sita ukaona miguu yako. Sikufikiria hata kidogo kwamba chini yangu mtoni kulikuwa na wanawake waliojaza ndoo zao. Mifuko ikakauka juu ya majani, myeupe kuliko ile ya mchele, na nikawaonyesha wenzangu kwa majivuno. Sikuwaambia ilikotoka. Nikampelekea Tata Amisi, akaisifu. Nikarudi depo mara ya pili, na ya tatu, na mwezi mzima ukapita hivyo.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadani. Desturi ya Tata Amisi ilikuwa kuwaita watu wake wote wa kazi kwenye futari, waliofunga na sisi ambao hatukufunga, na mimi nilijua kuwahi nafasi nzuri karibu na sufuria. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi, Mama Zaina amegawa uji wa mahindi. Tata Amisi akala tende, akanywa maji, akatia kijiko cha kwanza cha uji mdomoni. Tukasikia sauti ya jino. Akatema kwenye kiganja, akakiinua kiganja kwenye mwanga uliobaki. Kilikuwa kijiwe cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Mtu yeyote wa Kolwezi anakijua kijiwe hicho, anakijua kwa uzito wake hata akifumba macho. Tata Amisi alikaa akikitazama muda mrefu, na uji ukapoa mbele yetu wote.

Wa kwanza kusema alikuwa Shabani, mpwa wake, aliyesimamia mauzo. "Ni Kabwe huyu. Anaachaka bakrezeri banapima bitu yabo karibu na mashini. Njo kule majiwe inaingilia." Hilo la kupima lilikuwa kweli. Bakrezeri hawakuamini mizani ya depo, wakawa wanapitia kwetu kupima mzigo wao kwanza, na Kabwe, aliyekuwa na huruma, hakuwakataza. Mzee akaweka bakuli chini. "Tata, mi nafagiaka mashini kila siku. Kila siku, mbele ya kuwasha." Shabani akasema basi amezeeka, haoni tena. Tata Amisi akasema tu kwamba neno hilo litazungumzwa kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi. Nilijua kijiwe kimetoka wapi kama ninavyolijua jina langu, na nikanyamaza. Hata uji wangu niliumaliza, ili mtu asiniulize kwa nini siumalizi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine yote.

Asubuhi mashine haikuwashwa, na kwa sababu hiyo kuta zilipitisha maneno. Nilimsikia Mama Zaina akisema, "Kabwe amekuwa nasi toka siku ya kwanza. Kama unamufukuza, ataenda wapi? Nani ataandika kazi muzee?" Na Tata Amisi, kwa ile sauti ndogo: "Najua, Zaina. Ninampenda. Lakini watu wanakula unga wangu. Watoto wanakula." Nikatoka nje nisisikie zaidi, na huko nje ndiko mambo yakawa mabaya. Kabwe alikuwa ameifungua mashine yote. Amepanga vyuma vyake chini juu ya kitambaa, kimoja kimoja, naye amepiga magoti akivipangusa na kuvitazama kwa karibu, akitafuta kosa ambalo hakulitenda. Aliponiona akatabasamu. "Mashini ya mudomo, ukuye unisaidie macho. Pengine kweli sioni tena." Jamani. Angenitukana ningevumilia. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sikungoja kilio cha mwingine, nikaanza kulia changu pale pale mbele yake.

Tata Amisi aliporudi kutoka msikitini, kanzu ikiwa bado safi, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wake. Nikasimama. "Tata, si Kabwe. Ni mi. Mifuko ya huu mwezi, ingine ilitoka ku depo. Ilikuwa ya madini. Niliifua na sabuni, na javel, ikakuwa mweupe."

"Mingapi?"

"Sijue, Tata. Mingi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nalionaka ni safi."

Akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Ungeona ni safi, mwanangu, ungesema."

Nilirudi chumbani nikaanza kufunga nguo zangu, kwa sababu nilijua biashara ni biashara, na aliyeharibu jina la unga hakai ubavuni mwa mashine. Nilikuwa nimefunga nusu Mama Zaina alipoingia, akalitazama lile furushi langu la nguo, akalifungua, akarudisha kitambaa kimoja kwenye msumari wa ukutani. "Tata anakuita," akasema. "Hapana fanya haraka ya kwenda."

Uani alikuwapo Mama Odette, muuguzi wa dispensari ya mtaani, ambaye Tata Amisi alimwita ili aelewe kabla ya kuamua. Mama Odette aliushika mfuko wangu mmoja, ule mweupe kuliko yote, akaugeuza ndani nje, akaukwaruza kwa ukucha kwenye mshono, akatuonyesha ukucha. Ulikuwa mweusi. "Unaona? Ukifua, unafua kwa juu. Vumbi inabakia mu nyuzi. Nani atagonjwa na lini, mi siwezi kukuambia, hatuna kipimo. Lakini hii si kintu ya kula, na batoto njo ba kwanza kuumia." Shabani akauliza kama kuupepeta unga kungetosha. Mama Odette akamwuliza kama yeye angempa mtoto wake ule uliopepetwa.

Nimefanya biashara miaka mingi sasa, nimekaa na matajiri, nimesikia wakisema sana juu ya afya ya watu, hasa wakiwa na kamera mbele yao. Nikiwasikia ninakumbuka siku mbili zilizofuata. Tata Amisi alifunga mashine. Lori lililokuwa la kuleta mahindi akalituma sokoni na kwenye maduka, hadi Musonoi, kutangaza kwamba kila aliyenunua unga wake mwezi ule aulete abadilishiwe. Wanawake wakaja na mabeseni vichwani, wengine wamekasirika, wengine hawaamini, na wengine hawakuja kabisa kwa sababu unga walikwisha kuula. Foleni ilipita mlango wangu, na kupitia dirisha nilisikia kila neno. "Huyu Mwislamu akili ilimuruka, anamwanga bunga!" "Leka amwange, mi nachukua mupya." "Nani alimuletea ile mifuko? Ni ule mutoto mwanamuke wa kufuaka." Unga uliorudi ulimwagwa kwenye shimo nyuma ya parseli. Tata Amisi alijua njaa ya mtaa wetu. Alijua kwamba akiondoka hapo watu watashuka na vikombe. Kwa hiyo alisimama mwenyewe ukingoni, amefunga, jua kali, akiuchanganya ule unga na majivu na udongo kwa jembe. Nikaenda nikamnyang'anya jembe. Alinipa bila kubisha, akakaa kwenye tofali. "Kumwaga chakula ni dhambi," akaniambia, kama anayezungumza na nafsi yake. "Mungu atanisamehe hii. Ile nyingine sijui." Uso wake ulikuwa na mistari miwili kwenye unga, kila shavu mmoja, na mimi nikajifanya ninatazama jembe.

Nikategemea kwamba baada ya shimo kujaa ataniaga. Badala yake akanikabidhi kibunda cha uzi mnene wa bluu. "Sikupi adhabu, ninakupa kazi. Mimi sijui uchafu unapita wapi. Wewe unajua, maana uliupitisha." Kuanzia siku hiyo hakuna mfuko wa unga ulioingia kwetu kabla mimi sijaugeuza ndani nje na kuukwaruza mshono kwa ukucha, kama Mama Odette. Uliopita niliushona mdomo kwa uzi wa bluu, na mfuko wa uzi wa bluu haukubeba kitu kingine mpaka ulipokufa. Mizani ya bakrezeri ilihamishiwa upande wa barabara, mbali na mashine, na Kabwe akaomba msamaha kwa lile lake ingawa hakuna aliyemdai. Halafu Tata Amisi akaongeza sheria moja ambayo Shabani aliiona ni ya ajabu na Mama Zaina aliiona ni ya aibu: mshona mfuko ndiye wa kwanza kula. Kila mzigo mpya ungepikwa hapo nyumbani kabla ya kwenda sokoni, na tonge la kwanza lingekuwa la yule aliyeshona, mbele ya watu wote.

Sitasahau futari ya kwanza chini ya sheria hiyo. Mama Zaina alisonga bukari, akaileta ikitoa moshi. Mimi ni msichana, mdogo kuliko wote mkekani isipokuwa watoto, na kwetu mdogo kutangulia wakubwa kwenye sahani ni utovu wa adabu usiosemeka. Adhana ikaita. Tata Amisi alikunywa maji, akala tende yake, kisha akaweka mkono wake chini ya goti akasubiri. Hakuwa amekula kingine tangu alfajiri. Watu wote wakanitazama. Nikakata tonge, nikalitia mdomoni, nikatafuna polepole, nikisikiliza meno yangu. Halikuwa na kitu. Nikameza, nikasema, "Mukule." Kabwe ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza baada yangu, kabla hata ya tajiri. Nilielewa jioni ile kwamba nimesamehewa, na kwamba kusamehewa ni kazi ya kila siku.

Kabla mwaka haujaisha, wanawake wa soko la Manika walikuwa wakiuliza, "Uzi ya bulu iko?", na wakigeuka kama haipo. Wenye mashine wengine, waliotucheka tulipojaza shimo, wakaona wateja wanawapita. Wawili wakatafuta njia ya mkato, wakanunua uzi wa bluu na kushona mifuko ile ile ya zamani. Nilikasirika nikataka kwenda kuwaumbua. Tata Amisi akanituma kweli, lakini niende kuwafundisha washonaji wao kukwaruza mshono, bure. Nilinung'unika njia nzima. Mmoja alinifukuza, mwingine akanipa kiti, na yule wa kiti akaanza naye kumlisha mshonaji wake kwanza. Sisemi tuliponya mji. Hakuna aliyepima kabla wala baada, na sijui ni mtoto gani aliyeumia kwa mifuko yangu. Nikipita mtaani nikaona mtu aliyekuwa mtoto mwaka ule anakohoa, moyo wangu unauliza. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja mwenye mashine moja ya kusaga aliuona unga wake kama uko ndani ya tumbo la mtu tayari, akaufanyia kazi hivyo, na wengine wakalazimika kumfuata. Duka langu la Likasi linaishi kwa somo hilo. Namshukuru, na ninasikitika kwamba nilimwambia mara chache.

Basi lilipofika nilichukua pikipiki hadi Manika. Kolwezi imebadilika, huko Kasulo watu walichimba hadi chini ya vitanda vyao. Lakini parseli ya Tata Amisi niliijua hata bila mngurumo wa mashine, iliyokuwa imenyamaza siku hiyo kwa heshima yake. Wanaume walikuwa ndani wakisoma hitima. Nyuma, jikoni, chini ya turubai, alikuwa Tata Kabwe kwenye kiti, macho yamezimika kabisa, mikono juu ya fimbo. Nikamsalimu. Hakuhitaji jina. "Mashini ya mudomo," akasema, akanishika kichwa kwa viganja viwili. Kando yake ulilala mfuko wa unga uliofunguliwa. Akaupapasa mdomo, akaupitisha uzi kati ya vidole. "Hii si mukono yako. Wewe ulikuwa unakaza sana. Ulikuwa unashona sawa muntu anaogopa." Tukacheka, tukalia, vyote pamoja, na Mama Zaina akaja akatuambia tunawasumbua wanaosoma.

Chakula kikaletwa. Wanawake wengi walikuwa wageni kutoka Lubumbashi, wakwe na marafiki, wamevaa vizuri. Sinia ya kwanza ya bukari ikawekwa mkekani mbele ya Mama Zaina, mjane, mkubwa wetu sote pale, nasi tukamsubiri aanze. Hakuanza. Akaweka mkono wake chini ya goti. Ndipo msichana mmoja, Mwadi, aliyefanya kazi pale mashineni, akajipenyeza kati ya wageni, akapiga magoti, akakata tonge, akala. Mama mmoja wa Lubumbashi akashtuka. "Eee! Huyu mutoto anatangulia mwenye kilio?" Mwingine akatikisa kichwa. Nikamwinamia Mwadi nikamwuliza, taratibu, kwa nini anafanya hivyo.

"Mama, mi sijue," akanijibu, mdomo ukiwa bado umejaa. "Ni mi nilishona mufuko. Hapa njo banafanyaka."

Akamaliza kutafuna, akameza, akatutazama sote kwa zamu, wageni na wenyeji, na mzee kipofu aliyekuwa amegeuza sikio. "Mukule," akasema.

Nikanawa mikono, nikala.